Mama Alikuwa Bado Anasalimia

Harufu ya nguo iliyokaushwa kwa mashine hainipiti. Nikilala hoteli yoyote na kupewa taulo lililopitia mle, nalijua kabla sijalikunjua. Lina joto la uongo na kaharufu ka vumbi lililoungua kidogo. Wenzangu wananusa na kusema, aaa, safi kabisa. Mimi nanusa na kukasirika. Nakasirika hadi meno yananiuma, na kwa miaka mingi nilijiambia kwamba ninamkasirikia mtu mmoja tu.

Mtu huyo nilimwona tena juzi juzi, tulipomzika mama kwetu Kibondo. Kabla jeneza halijateremshwa, mzee mmoja mwenye koti la suti na mkongojo aliomba kipaza sauti. Sura ilikuwa imenitoka, lakini sauti niliijua neno la kwanza tu. Alisema alifanya kazi na marehemu enzi za wakimbizi, na kuna jambo la marehemu hatalisahau. Siku alipoharibu mashine ya wazungu, alisema, huyu mama hakubisha wala hakukana. Alipiga makofi, akainamisha kichwa, akaomba radhi mbele ya wote. "Huo ndio unyenyekevu wa Kikristo," akamalizia. Waombolezaji wakaitikia amina.

Amina! Miguu yangu ilisimama yenyewe. Niliyoyasema pale nitayafikia, lakini nikianzia hapo hamtanielewa. Inabidi nianze na mashine.

Nyie mliokulia Kibondo miaka ile mnakumbuka. Watu walikuwa wanavuka mpaka kuja Mabamba na magodoro kichwani, magari meupe yenye antena ndefu yanapita usiku na mchana kwenda kambini, vumbi jekundu linatua hadi ndani ya sufuria ya maharage. Mji wetu mdogo ulijaa wageni wa mashirika. Kila nyumba ya maana ilipangishwa, ikawekewa jenereta na mlinzi. Baba alikuwa ameshafariki nikiwa bado mgongoni, na mama alikuwa na jembe lake tu. Wageni walipokuja, alipata kazi ya kufua kwenye nyumba ya daktari mmoja mwanamke wa Ulaya, tuliyemwita Mama Daktari. Kwa kazi hiyo kaka yangu Deo alikwenda sekondari ya bweni Kasulu. Alikuwa kidato cha pili, na akija likizo alitusomea Kiingereza jioni, mama anamsikiliza huku anatabasamu kama anayekielewa.

Kwetu mvua zikianza mwezi wa kumi, hadi wa tano hazina habari na mtu. Nguo inakaa kambani siku tatu, inaanza kunuka uyoga. Halafu kuna yule inzi anayetaga kwenye nguo mbichi. Ukiivaa bila kuipiga pasi vizuri, funza anaingia kwenye ngozi na unatokwa na jipu lenye tundu linalopumua. Sisi tuliwazoea, tunakandamiza pasi ya mkaa, maisha yanaendelea. Mama Daktari alipokamuliwa wa kwanza mgongoni alipiga kelele zikasikika hadi barabarani. "Kikulacho ki nguoni mwako," mama alisema siku hiyo, akacheka hadi akakaa chini. Haukupita muda mrefu, mashine ya kukaushia nguo ikashushwa kutoka kwenye lori.

Ilikuwa nyeupe, ya mraba, yenye mlango wa mviringo mbele unaofunguka kwa pembeni. Waliiweka kwenye chumba cha kufulia, juu ya jukwaa la matofali, ili maji ya mvua yakiingia yasiifikie. Mama aliendelea kufua kwa mikono kwenye mabeseni. Mashine kazi yake ilikuwa kukausha tu.

Msimamizi wa nyumba alikuwa Bwana Festo, mtu wa mkoa wa mbali. Hakuwa Muha kama sisi na alihakikisha hatusahau. Viatu vyake vilimeta hata siku za matope. Kiswahili chake kilinyooka, Kiingereza alikuwa nacho, na sisi alituona kama watu wa porini tuliojifunza kuvaa juzi. Mama akimwamkia asubuhi, anapita tu. Mkono mfukoni, macho mbele, kapita! Nilikuwa darasa la tatu, na nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote.

Lakini mashine niliipenda. Niliamini mle ndani kuna jua. Msinicheke. Nguo inaingia mbichi huku nje mvua inanyesha, inatoka kavu, ya moto: sasa ni nini kama si jua? Tatizo lilikuwa kwamba ukifungua mlango tu, mashine inazimika na jua linajificha. Nikaamua nitalikamata. Mama akiwa chumba cha pili anapiga pasi, mimi nadaka ukingo wa juu wa ule mlango kwa mikono miwili, maana mashine ilikuwa juu na mimi mfupi, naufungua ghafla, najivuta juu, miguu hewani, kichwa ndani. Giza. Joto zuri la kuoka mashavu, lakini giza. Najiambia, kesho nitafanya haraka zaidi.

Nilifanya hivyo siku nyingi. Mlango ukaanza kulia. Baadaye ukaanza kuinama. Bawaba ya juu ilikuwa imeshikwa na skrubu mbili kwenye bati jembamba, na uzito wangu ulikuwa unayapanua matundu kidogo kidogo, ingawa hayo niliyaelewa baadaye sana. Mlango ukashuka upande, ulimi wake wa kufungia ukawa unagonga chini ya tundu lake, na mashine isiposikia mlango umefungwa haiwaki. Mama akawa anauinua kwa goti ndipo ufunge. Kisha goti likashindwa, akaufunga kwa kipande cha kitenge. Hakuniuliza neno. Nami nikajisemea, hajui.

Jumamosi moja asubuhi Bwana Festo aliingia chumba cha kufulia, akakiona kile kitenge.

"Mama Deo! Njoo huku!"

Mama alifuta povu mikononi, akatoka hadi barazani. Nilimfuata, nikasimama nyuma ya nguzo. Mama Daktari alikuwa ameshavaa buti za kambini, ameshika kikombe cha kahawa, macho mekundu kwa uchovu. Gari lilikuwa linaunguruma.

"Huu mlango umeuvunja wewe?" Bwana Festo akauliza.

Sasa hapa, kwa ambao si Waha, niwaeleze. Kwetu humjibu mtu mzima kabla hujamsalimia. Hata nyumba ikiwa inaungua, utasalimia, japo kwa kifupi. Unasimama mbali kidogo, unakunja magoti, unainamisha kichwa, unapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa, taratibu, na unaamkia. Unauliza walivyolala, unauliza wa nyumbani. Anayeamkiwa anapokea, makofi yanatulia, ndipo mdomo unafunguliwa kwa shauri lililokuleta. Mama hakuwa na namna nyingine ya kuanza kuongea na mkubwa. Alifundishwa hivyo tangu anatambaa.

Basi akakunja magoti. Akainama. Akaanza kupiga makofi.

"Mwakeye, bwana," akasema kwa sauti ya chini. Makofi. "Mwakeye, mama." Makofi.

Bwana Festo alimgeukia Mama Daktari, akaanza kumwaga Kiingereza. Nilikuwa nimesikia kidogo kidogo kwa Deo, na neno moja nililijua. Alisema mama anaomba msamaha. Akamwonyesha mama kwa kidole, jinsi alivyoinama, jinsi alivyokuwa anapiga makofi, kama vile anaonyesha ushahidi mezani. Mama Daktari akatikisa kichwa kwa huruma. Huruma ya mtu mwenye haraka. Akasema "pole, Mama Deo," akanywa kahawa iliyobaki, akapanda gari.

Mama alikuwa bado anapiga makofi.

"Umekiri, vizuri," Bwana Festo akasema. "Jumatatu ulete funguo, kazi imeisha."

Kesi ilikuwa imeanza na kuisha, na mshtakiwa hajamaliza salamu. Nyie! Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya kumaliza sentensi moja tu! Nikiyakumbuka yale makofi yalivyopungua, mawili, moja, yakaishia hewani, na mikono ya mama ikabaki imekutana kifuani haijui iende wapi, natamani nirudi pale nikiwa na umri huu na mdomo huu.

Ila nilikuwepo. Hilo ndilo halinipi raha. Nilikuwa nyuma ya nguzo, ninajua Kiswahili, ninajua makofi yale maana yake nini, na ninajua nani aliuvunja mlango. Mama Daktari Kiswahili kidogo alikuwa nacho. Ningetoka na kusema, "Ni mimi," angeelewa. Sikusema. Na mbaya zaidi, nyie, moyoni nilifurahi kwamba mama amekatishwa. Nilidhani alikuwa anajiandaa kunitaja.

Tulirudi nyumbani. Kesho yake, Jumapili, baada ya misa ya kwanza, mama hakwenda nyumbani. Alipitia kwa mjomba, kaka yake, aliyekuwa anatengeneza baiskeli pale sokoni, akaazima spana na bisibisi. Akachagua bolti mbili zilizotoka kwenye madigadi ya baiskeli mbovu, na nati zake. Akaokota kandambili iliyokatika, akakata kwa wembe viduara vinne vya mpira. Yote akayafunga kwenye pindo la kitenge. Mama yangu, ambaye Jumapili hata jembe hakuligusa!

Mlinzi alitufungulia. Mama Daktari alikuwa kambini, Bwana Festo hayupo. Mama alifungua mfuniko wa juu wa mashine, akauegemeza ukutani. Akaifungua bawaba ya juu, akaiweka juu ya jiwe la kufulia, akaigonga kwa spana, anainyanyua usawa wa jicho, anaigonga tena, mpaka ikanyooka. Matundu ya bati yalikuwa yamechanika, skrubu zisingeshika tena. Hapo ndipo bolti zilipohitajika, zipite tundu kwa tundu na nati ishikwe kwa ndani, ule mpira wa kandambili ukilibana bati pande zote mbili lisichanike zaidi.

"Nyanyua mlango," akaniambia.

Niliushika chini.

"Hapana. Shika palepale ulipokuwa unaning'inia."

Alisema hivyo bila kuniangalia, mkono wake umezama ndani ya mashine hadi kwapani, anatafuta nati kwa vidole. Nilishika ukingo wa juu, nikanyanyua kwa nguvu zangu zote, nalia kimya kimya, makamasi yananiingia mdomoni. Yeye anakaza. "Juu kidogo. Juu. Shusha. Hapo, usitikisike." Alipoutoa mkono, bati lilikuwa limemchuna kuanzia kiwiko hadi kiganjani. Aliufunga mlango. Ulimi ukaingia kwenye tundu lake, ukalia ko! Akawasha. Mashine ikazunguka.

"Mama," nikasema, "jana ulitaka kusema nini?"

Aliifuta damu kwa pindo la kitenge.

"Nilikuwa bado nasalimia," akanijibu.

Hakuongeza kitu, siku ile wala siku nyingine. Sijui kama angenitaja. Sijui kama angesema ni yeye. Nimekaa na hilo swali hadi nimeota mvi.

Jumatatu tulipeleka funguo. Mama Daktari alikuwepo, akaujaribu mlango, akaufunga na kuufungua mara tatu, anacheka. Akamuuliza Bwana Festo nani ameutengeneza. Bwana Festo akajibu kwa Kiingereza huku ananyoosha mkono upande wa barabara kuu, na ndani ya Kiingereza chake nikasikia maneno mawili ya kwetu: fundi, Kasulu. Jamani! Mama amesimama hatua tatu kutoka pale, mkono umefungwa kitambaa, bolti za madigadi zinaonekana kabisa, zina kutu ya baiskeli ya Kibondo, na eti ni fundi kutoka Kasulu! Mama akakunja magoti, akaanza: "Mwakeye..." Bwana Festo akachukua funguo mkononi mwake katikati ya makofi. Nami nikanyamaza mara ya pili.

Kabla muhula haujaisha, Deo alirudi na tranka lake kichwani. Alikuwa ametembea kutoka stendi, mvua imemnyeshea, ana madaftari yake ameyaficha tumboni ndani ya shati. Alidhani atarudi shule. Alisubiri muhula mzima, kila siku anapanga madaftari upya. Kisha mjomba akamkabidhi spana, ileile. Mama alirudi kwenye jembe, na siku za gulio anabeba unga wa muhogo hadi Mabamba. Hatukufa njaa. Lakini jioni hatukusomewa tena Kiingereza, na mimi niliyemaliza shule hadi juu, niliyesomeshwa na spana ya Deo, sikuwahi kumwambia kwa nini tranka lake lilirudi. Yeye alijua mama aliharibu mashine. Alijua hivyo kwa sababu mji mzima uliambiwa hivyo, na mama hakukanusha, na mimi nilikaa mezani nakula.

Sasa mnaelewa kwa nini miguu ilisimama pale makaburini.

"Mzee," nilisema, na sikuhitaji kipaza sauti, "mama hakukuomba radhi. Alikuwa anakusalimia! Umekaa Uha miaka yote hiyo hukujua salamu? Alikuwa anakusalimia wewe, na hukumwacha amalize. Na ule mlango hakuuvunja. Niliuvunja mimi. Na fundi wa Kasulu hakuwepo, aliutengeneza yeye."

Minong'ono ikazuka. Shangazi akanivuta nguo. Bwana Festo alishika mkongojo kwa mikono miwili, akatingisha kichwa kwa upole ule wa kizee unaonitia wazimu. "Basi mwanangu, yamepita. Marehemu hasemwi." Hasemwi! Yeye si ametoka kumsema sasa hivi kwenye kipaza sauti? Nilikuwa nafungua mdomo tena, nimpe zote za miaka hiyo, ndipo nikamwona Deo.

Alikuwa ng'ambo ya kaburi, ameshika kamba ya jeneza. Ananitazama. Hakuwa na hasira usoni, na afadhali angekuwa nayo. Alikuwa kama mtu anayehesabu. Kisha akasema neno moja, "Kumbe," akawapa wenzake ishara, wakaanza kuteremsha.

Matanga yalipita, Deo akarudi Kasulu kwenye gereji yake ya pikipiki. Hakunipigia simu. Nilimpigia mara sita, haipokelewi. Nikawa nazunguka nyumbani nafoka: namfokea Bwana Festo, namfokea Mama Daktari na kahawa yake, namfokea hata marehemu, kwa nini alinibebea kitu ambacho sikumwomba abebe. Nilipomaliza watu wa kufokea, nilibaki mwenyewe jikoni.

Wiki iliyopita nilipanda gari la asubuhi kwenda Kasulu. Deo alikuwa amechutama kando ya pikipiki, mikono imejaa grisi, mteja amesimama anasubiri na anaangalia saa. Aliniona, hakuinuka. Mimi ni mtu wa maneno, mmeshaona. Njia nzima nilikuwa nimeyapanga, na nilianza kuyatafuta, hayapo.

Nikasimama mbali kidogo. Nikakunja magoti na hii miguu yangu ya utu uzima. Nikainamisha kichwa, nikaanza kupiga makofi.

"Mwakeye, kaka."

"We fundi, mimi nachelewa," mteja akasema.

Deo aliinua mkono mmoja wa grisi kumnyamazisha. Aliweka spana chini. Nikaendelea. Nikauliza walivyolala, nikamuulizia mke wake, nikataja watoto mmoja mmoja, nikauliza shamba, nikauliza kuku, nikauliza na mvua. Nilikuwa nalia na bado napiga makofi. Alipokea kila moja, taratibu, hakuruka hata moja, mpaka sikubakiwa na mtu wa kumuulizia na mikono yangu ikatulia.

"Haya," akasema. "Sasa sema."